DEKODA HAIPATI CHANELI: TUANGALIE WAPI KWANZA?



Kila mara mvua ikianza, swali moja linarudi katika madarasa yetu. Dekoda inawaka, taa yake iko, televisheni iko mzima, lakini kwenye kioo kunaandikwa tu kwamba hakuna ishara. Ao chaneli zilikuwa 60 jana, leo zinabaki 25. Nyumbani baba anasema: «Hii dekoda imekufa.» Jirani anasema ni kampuni ndiyo imekata. Mtoto anapanda juu ya nyumba na kuanza kusukuma parabole, na kuanzia pale mambo yanaharibika kabisa.

Tuseme ni nyumba ya mama anayeuza ndakala sokoni. Akinunua dekoda mpya, kumbe ubaya ulikuwa katika fishi ndogo ya waya, faida ya siku nyingi imekwenda bure, na dekoda mpya nayo haitaona kitu. Njo sababu tunaandika habari hii kwa urefu kidogo.

Kwanza tujue kile tunachokitafuta. Setilaiti ya televisheni iko juu ya ikweta, kilometa 35,786 toka usawa wa bahari. Kwa urefu ule inazunguka dunia mara moja kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha yenyewe, basi kwetu sisi inaonekana kama imesimama mahali pamoja. Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza faida ya jambo hili kwa mawasiliano mwaka 1945, na mwaka 1964 setilaiti Syncom 3 ilipitisha picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kwetu Kongo, pigano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, lilifika nchi za ng'ambo kwa njia hiyohiyo. Na vijana wa jimbo letu wajue hili pia: toka mwaka 1977 kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilikuwa inajaribu roketi katika Shaba, upande wa mto Luvua, kwa nia ya kurusha setilaiti kwa bei ndogo. Mwaka 1979 walifunga, na hakuna setilaiti hata moja iliyopanda toka pale. Lakini turudi ku dekoda yetu.

Kila mtambo wa kutuma ulio ndani ya setilaiti una nguvu ya wati kama 100 hivi. Ni taa moja ya zamani ya nyumbani, nayo iko mbali kuliko mara 50 ya urefu wote wa ziwa letu! Kwa hiyo ishara inayofika Kalemie ni dhaifu sana sana. Parabole inaikusanya na kuitupa mbele, ku kile kichwa kidogo kilicho kwenye mkono wake, ambacho mafundi wanakiita LNB. Kichwa kinaikuza, kinaishusha, kisha kinaipitisha kwa waya mpaka dekoda. Basi ubaya unaweza kuwa mahali pengi kwenye njia hii, na mtu mwenye akili anaanza mahali ambapo hapahitaji ngazi. Yule mwanamke wa mfano, aliyepoteza drakma moja, aliwasha taa na kufagia ndani ya nyumba kwanza.

NDANI YA NYUMBA

Televisheni iko kwenye mlango gani? Tunacheka, lakini mara nyingi mtoto amebonyeza telekomande, televisheni imetoka AV na kwenda HDMI ao antena, na watu wanalia kwamba chaneli zimepotea. Ukiona menyu ya dekoda, basi mlango ni sawa. Usipoiona, usiende juu ya nyumba.

Pili, soma maneno yaliyo kwenye kioo, usiyapite. Kama yanasema abonema imekwisha ao kadi haisomeki, ishara iko, parabole haina kosa. Ubaya wa abonema unafunga chaneli za kulipa, lakini hauangushi ishara. Kama yanasema hakuna ishara, hapo njo kazi inaanza.

Ingia katika menyu, tafuta pale panapoonyesha mistari miwili. Dekoda nyingi za hapa zinaandika kwa Kifaransa: Intensité na Qualité. Ukishika vizuri maana ya mistari hii miwili, umejua nusu ya kazi ya fundi. Intensité ni ukali wa kile kinachoingia kwa waya, cho chote kile, hata kelele ya kichwa chenyewe. Qualité ni kipimo cha kama dekoda inaelewa kile inachosikia. Ni sawa na mtu aliye sokoni: anasikia sauti kubwa ya watu (intensité), lakini je, anaelewa maneno ya rafiki yake (qualité)?

Basi kama Intensité iko 70 na Qualité iko 0, waya ni mzima ao karibu mzima, na kichwa kinapata umeme. Ubaya utakuwa katika kuelekea: parabole imegeuka, ao inatazama setilaiti nyingine, ao katika menyu kumeandikwa namba zisizo zake. Kama mistari yote miwili iko sufuri, usiguse parabole hata kidogo! Ni waya, fishi, kichwa, ao mlango wa dekoda. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaona sufuri mbili, wanapanda kugeuza parabole iliyokuwa imetazama vizuri kabisa, na sasa wana mabaya mawili badala ya moja.

WAYA NA FISHI

Hapa kwetu karibu na ziwa hewa iko na maji mengi, na shaba ya waya inageuka kijani upesi. Zima dekoda, toa na plagi yake ku umeme, kisha fungua fishi ya nyuma. Waya wa katikati uwe mweupe ao mwekundu wa kung'aa, utokee milimeta chache mbele ya fishi. Angalia sana zile nyuzi nyembamba za nje: uzi mmoja tu ukigusa waya wa katikati, umeme unaoenda ku kichwa unarudi mara moja, na dekoda inajilinda kwa kuukata. Hapo utaona sufuri mbili. Kata kipande cha mwisho, vua upya, rudisha fishi. Kazi ya dakika 5.

Fanya vilevile upande wa juu, ku kichwa. Kule maji ya mvua yanaingia na kutembea ndani ya waya kama ndani ya mrija. Njo sababu mafundi wazuri wanafunga fishi kwa mpira, tena wanaacha waya ushuke chini kidogo mbele ya kupanda ku kichwa, ili maji yadondoke pale. Na viungo vya kusokota kwa vidole katikati ya waya, tafadhali, tuviache. Waya wa antena ni wa omu 75, una kiini na ganda. Ukiusokota kama waya wa taa, ishara nyingi inapotea pale kwenye kiungo. Waya wa simu na waya wa taa havifai kabisa.

CHANELI NUSU ZIMEPOTEA

Hii ni namna yenye kufundisha sana, tukae hapa kidogo. Dekoda inapeleka umeme ku kichwa kwa waya uleule unaoleta ishara: volti 13 ao volti 18. Siyo kwa bahati. Volti 13 inamwambia kichwa: «Chukua mawimbi yanayosimama.» Volti 18 inamwambia: «Chukua yanayolala.» Juu ya masafa ya megahezi 11,700 dekoda inaongeza mtetemo wa kilohezi 22, maana yake: «Geuka, shika masafa ya juu.»

Sasa ukijua hivi, unaweza kupima bila chombo. Tafuta katika menyu herufi ya kila chaneli: V ni yenye kusimama, H ni yenye kulala. Kama V zote ziko na H zote zimepotea, dekoda haifiki volti 18. Katika mitaa yetu, ambamo umeme wa SNEL unashuka jioni watu wote wakiwasha, jambo hili linatokea kwa dekoda iliyochoka: asubuhi H ziko, jioni hakuna. Jaribu saa nyingine ao kwa betri na mtambo mzuri wa kugeuza umeme mbele ya kulaumu kampuni. Kama zile za masafa ya juu peke yake zimepotea, mtetemo wa kilohezi 22 haufiki. Angalia menyu kwanza, pengine mtu ameuzima.

PARABOLE YA KALEMIE SIYO PARABOLE YA ULAYA

Katika vitabu na picha za Ulaya parabole imesimama kama mtu anayetazama upeo wa mbali. Huku kwetu sivyo, kwa sababu tunakaa karibu na ikweta, digri 6 hivi upande wa Kusini, na digri 29 Mashariki. Setilaiti nyingi ziko karibu na utosi wetu. Tumepiga hesabu ya pembe kwa mji wetu, na wa darasa la hisabati wanaweza kuihakikisha:

Setilaiti za Eutelsat zilizo digri 36 Mashariki: tazama Kaskazini-Mashariki, kupanda digri 79. Ni karibu juu ya kichwa kabisa! Zile za digri 7 Mashariki: geuka mgongo ku ziwa, tazama Magharibi, kuvuta kidogo Kaskazini, kupanda digri 63. Intelsat 20, iliyo digri 68.5 Mashariki: tazama ng'ambo ya ziwa, Mashariki kuvuta kidogo sana Kaskazini, kupanda digri 44.

Kuna matokeo ambayo watu hawayafikiri. Moja: parabole inayotafuta digri 36 ikifungwa ukutani, chini ya ukingo wa mabati, inatazama bati, siyo mbingu. Mwembe wa jirani hausumbui kitu, lakini ukingo wa nyumba yako mwenyewe unafunga njia. Kwa Intelsat 20 ni kinyume: mti wenye urefu wa meta 10 uwe mbali zaidi ya meta 10, la sivyo majani yanameza ishara. Mti unakua, ndugu! Parabole iliyofungwa vizuri miaka 5 iliyopita pengine leo inatazama matawi.

Mbili: parabole kubwa ya duara, ile yenye kichwa katikati, ikitazama karibu juu, inakuwa beseni. Mvua inakaa ndani, na maji yanaharibu kabisa umbo lake. Toboa tundu dogo katikati chini, maji yatoke. Zile ndogo za kawaida, zenye kichwa pembeni, zinaonekana zimeinama kuliko pembe yake ya kweli, kwa digri 25 hivi. Kwa hiyo usishangae ukipima uso wake na kupata 54 badala ya 79.

Tatu, na hapa wengi wanashindwa: kichwa chenyewe kinapaswa kuzungushwa ndani ya kishikio chake. Kadiri mtu anavyokaa karibu na ikweta, kuzungusha huku kunakuwa kukubwa. Kwa Kalemie na digri 36 ni karibu digri 49, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pembe mraba. Ukiacha kichwa wima kama katika picha ya kikaratasi, mawimbi yanayosimama na yanayolala yanachanganyika nusu kwa nusu, na Qualité haipandi hata kama parabole inatazama sawasawa. Zungusha polepole, mtu mmoja juu, mwingine mbele ya kioo akisoma namba kwa sauti.

Polepole, tunasema tena. Parabole ya sentimeta 90 inaona sehemu ya mbingu yenye upana wa digri 2 tu. Ukiisogeza digri 1, ishara imeshuka nusu. Digri 1 ku ukingo wa parabole ile ni sentimeta 1 na nusu, unene wa kidole. Lakini kule juu, digri 1 ni kilometa 625, karibu umbali wa Kalemie na Lubumbashi kwa ndege! Kwa hiyo: sogeza kidogo, ngoja sekunde 3 ili dekoda ifikiri, soma namba, sogeza tena. Ukisha kupata, kaza skuru zamu kwa zamu, huku ukitazama namba, maana kukaza kwenyewe kunageuza.

HESABU ILIYO KATIKA MENYU

Mara nyingine juu ya nyumba hakuna kosa lo lote. Mtoto ameingia katika menyu na kugeuza namba za kichwa. Dekoda inasikia masafa ya megahezi 950 mpaka 2,150 peke yake. Kichwa cha kawaida kinashusha ishara kwa kuondoa 9,750, ao 10,600 kwa masafa ya juu. Tuseme chaneli iko 11,500: tukiondoa 9,750 inabaki 1,750, imeingia vizuri. Menyu ikiandikwa 10,600, dekoda itaitafuta ku 900, nje ya masikio yake. Ikiandikwa 5,150, ambayo ni namba ya vichwa vya bande C, itaitafuta ku 6,350, upuzi mtupu. Andikeni namba za kweli kwenye karatasi, mbandike nyuma ya televisheni, siku ile zinapokuwa bado nzuri. Na mbele ya kubonyeza ile amri ya kurudisha dekoda kama ilivyotoka kiwandani, mjue inafuta kila kitu.

DEKODA INAYOTOKA MBALI

Mali mingi inatufikia kupitia Kigoma na Dar es Salaam, na nyingine toka Dubai. Dekoda zile zinakuja na orodha ya chaneli elfu na zaidi, za Hot Bird ao Nilesat, na mnunuzi anafurahi. Lakini setilaiti haimwagi ishara yake kila mahali. Inaielekeza kama tochi. Hot Bird, digri 13 Mashariki, inamulika Ulaya, Afrika ya Kaskazini na nchi za Waarabu. Nilesat inamulika Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kalemie iko gizani. Hakuna fundi atakayezileta, hata akikaa juu ya nyumba mpaka jioni.

Tena iko suala la umri. Namna mpya ya kutuma, DVB-S2, ilikuja karibu na mwaka 2005. Dekoda ya zamani inayojua DVB-S peke yake inapita juu ya chaneli hizo kama hazipo. Na kama chaneli inapatikana, jina linaonekana, sauti pengine iko, lakini picha ni nyeusi, basi dekoda haijui MPEG-4. Hapo tu, kweli, kununua nyingine ni haki.

MVUA, JUA, NA MBINGU YENYEWE

Mawimbi ya parabole ndogo yana urefu wa sentimeta 2 na nusu hivi, na matone ya mvua kubwa yanayala. Ya bande C yana sentimeta 7 na zaidi, yanapita mvua karibu bila shida, lakini yanataka parabole kubwa. Basi ishara ikipotea wakati wa mvua na kurudi baada ya nusu saa, usifanye neno. Ikipotea kwa mawingu tu, parabole haikuelekezwa sawasawa tangu mwanzo.

Jua nalo. Mara 2 kwa mwaka, karibu na tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele yake inafunika ishara kwa dakika chache, siku kadhaa zinazofuatana. Kwa wale wanaotazama digri 36 ni kati ya saa tano na saa sita ya mchana. Kwa wale wa Magharibi ni baada ya adhuhuri.

Na setilaiti zenyewe zinakufa. Amos-5, iliyokuwa digri 17 Mashariki na kutumikia Afrika, ilinyamaza tarehe 21 Novemba 2015. Intelsat 33e, digri 60 Mashariki, ilivunjika vipandevipande tarehe 19 Oktoba 2024. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ngazi, tembelea jirani ambaye parabole yake inatazama upande uleule. Kama naye haoni, rudi ukae.

KUHUSU KUPANDA NA KUFUNGUA

Mabati yakiwa na umande ao mvua, hapana kupanda. Waya wa SNEL ukipita karibu na ukingo wa nyumba, hapana kupanda hata jua likiwaka, maana mkono wa parabole ni chuma. Ngurumo zikianza, toa plagi ya umeme na fishi ya antena zote mbili, maana radi inapita kwa njia yo yote. Na wale wa sehemu ya umeme wenye hamu ya kufungua dekoda: ile kondensata kubwa ya ndani inashika volti karibu 310 hata plagi ikiwa imetolewa. Mwiteni mwalimu wa karakana, yeye anayo taa ya kuimaliza nguvu.